Maji yanapokataa kutoka: dawa mbili kwa moyo mmoja dhaifu

DOHA. Katika wodi ya wagonjwa wa moyo, iwe Doha, Dar es Salaam au Mombasa, chombo kinachoheshimiwa asubuhi kuliko vyote si mashine kubwa yenye taa na milio. Ni mizani ya kawaida. Mgonjwa hupimwa uzito baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kufungua kinywa, akiwa na nguo nyepesi kama zile alizovaa jana, na tarakimu huandikwa kwenye faili. Kilo moja iliyopungua tangu jana ni takriban lita moja ya maji iliyotoka mwilini. Tarakimu isipopungua, ilhali mgonjwa amekwisha kuchomwa dawa ya kutoa maji mara mbili au tatu, daktari hukabiliwa na swali gumu: aongeze dozi ya dawa ile ile, au amwongezee mgonjwa dawa ya pili ya aina nyingine?

Makala ya afya ya juma hili inaliangalia swali hilo, kwa sababu jibu lake linawahusu Waafrika Mashariki wengi wanaoishi na kufanya kazi katika nchi za Ghuba, pamoja na jamaa zao waliobaki nyumbani.

Figo zinazodhani kuna ukame

Neno "moyo kushindwa" huwatisha watu, kwa kuwa wengi hudhani maana yake ni moyo kusimama. Sivyo. Moyo ulioshindwa bado unapiga, lakini nguvu zake za kusukuma au kupokea damu zimepungua. Damu inayofika kwenye figo hupungua msukumo, na hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Figo hazina macho ya kuiona miguu iliyovimba; hupima tu msukumo wa damu inayozifikia. Zikiona umeshuka, huamua kwamba mwili umekaukiwa, kana kwamba mtu huyo amepotea jangwani au amevuja damu nyingi, na huanza kushikilia chumvi na maji kwa nguvu zote. Maji hayo hujaa miguuni, tumboni na hatimaye kwenye mapafu. Mgonjwa hushindwa kulala chali. Huongeza mto wa pili, kisha wa tatu, na mwisho hulala ameketi kwenye kiti.

Mjini Doha wagonjwa wa namna hii hutibiwa zaidi katika Hospitali ya Moyo, iliyofunguliwa mwaka 2011 chini ya Shirika la Tiba la Hamad. Mwaka uliofuata, kuanzia Februari hadi Novemba 2012, madaktari wa nchi saba, yaani Qatar, Oman, Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain, Kuwait na Yemen, waliandikisha wagonjwa 5,005 waliolazwa kwa moyo kushindwa ghafla katika hospitali 47. Daftari hilo liliitwa Gulf CARE. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 59, wakati Ulaya na Marekani mgonjwa wa aina hiyo huwa amevuka miaka 70. Katika muda wa mwaka mmoja, mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa amefariki, na takriban wanne kati ya kumi walikuwa wamerudi kulazwa.

Kusini mwa Sahara umri ni mdogo zaidi. Utafiti ulioitwa THESUS-HF, uliowafuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu ambalo halikutibiwa ipasavyo. Huo ni umri wa mtu anayelipa karo. Na kwa kuwa karibu watu tisa kati ya kumi wanaoishi Qatar ni wageni waliofuata kazi, mgonjwa aliyeketi kitandani akihema mjini Doha anaweza kuwa dereva, mlinzi wa jengo au mpishi, ambaye kibali chake cha kukaa nchini kinategemea kazi yake, na ambaye watu kadhaa nyumbani wanategemea mshahara wake.

Milango ya mfereji

Dawa ya kwanza ya kuondoa maji haya kwa sehemu kubwa ya dunia ni furosemidi, inayojulikana na wengi kwa jina la biashara la Lasix. Imekuwa mikononi mwa madaktari tangu miaka ya 1960. Kabla yake palikuwa na dawa zilizotengenezwa kwa zebaki, ambazo uwezo wake wa kutoa maji uligunduliwa mjini Vienna takriban mwaka 1920 kwa bahati tu, wakati mgonjwa aliyekuwa akitibiwa kaswende alipoanza kukojoa kupita kiasi. Leo hakuna anayezitamani dawa za zebaki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja dawa za jamii ya thiazaidi, ambazo hadi leo hutumiwa na mamilioni ya watu wenye shinikizo la damu.

Mtu aliyevimba sana huchomwa furosemidi kwenye mshipa badala ya kupewa kidonge. Sababu yake ni rahisi: ukuta wa utumbo wake nao umejaa maji, kwa hiyo kidonge hunyonywa polepole na hakifiki kwenye figo kwa wingi unaotakiwa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuapa kwamba hajaacha dawa hata siku moja, akawa anasema kweli, na bado akavimba.

Ili kuelewa kwa nini hata sindano hushindwa, msikilizaji na aifikirie figo kama shamba la umwagiliaji. Kila figo ina takriban mifereji milioni moja iliyo midogo mno kuonekana kwa macho. Katika siku moja figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha huyarudisha karibu yote. Yanayotoka kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Njiani mna milango ya kurudishia chumvi, na maji huifuata chumvi popote iendako. Mlango wa kwanza, ulio karibu na chujio, hurudisha kama theluthi mbili ya chumvi. Wa pili, penye pindo lijulikanalo kwa jina la Henle, hurudisha kama robo. Wa tatu hurudisha sehemu ndogo, kama asilimia tano au saba, na wa mwisho kiasi kidogo zaidi.

Furosemidi huufunga mlango wa pili. Chumvi iliyozuiliwa kurudi hapo hukimbilia chini ya mfereji, na siku za mwanzo hutoka kwa wingi pamoja na mkojo. Lakini mfereji una majirani. Mlango wa tatu, ukiona chumvi nyingi inapita mbele yake siku baada ya siku, hujizoeza kuidaka. Kwa wagonjwa waliotumia furosemidi kwa miezi mingi, kuta za sehemu hiyo huwa nene na kazi yake huongezeka. Chumvi inayokoswa pale juu hukamatwa huku chini. Daktari akiongeza furosemidi zaidi na zaidi, huwa anaukandamiza mlango ambao tayari umefungwa.

Hapo ndipo fikra ya dawa mbili ilipozaliwa. Thiazaidi, ambayo peke yake ni dawa ya nguvu ya wastani, huufunga mlango wa tatu. Ikiungana na furosemidi, mgonjwa ambaye jana alitoa nusu lita anaweza leo kutoa lita nne. Wasiozijua huona kama muujiza, na walio na uzoefu huziogopa kidogo, kwa sababu itakayoelezwa mbele.

Haraka haifai hapa. Mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2021, ambao unafahamika vyema katika hospitali za Ghuba, unamtaka daktari apime kwanza kabla ya kuongeza dawa ya pili. Saa mbili baada ya sindano, mkojo hupimwa kiasi cha sodiamu. Ikiwa chini ya milimoli 50 hadi 70 kwa lita, dawa haikufanya kazi ya kutosha. Katika saa sita za mwanzo mkojo unatakiwa kuzidi mililita 100 hadi 150 kwa saa. Usipofikia hapo, dozi ya furosemidi huongezwa maradufu, na baadaye tena, hadi kiwango cha juu. Mlango wa pili ukiwa umefungwa barabara na maji bado hayatoki, ndipo dawa ya pili huitwa.

Utafiti umesema nini

Kwa miongo mingi madaktari walichanganya dawa hizi kwa kutegemea uzoefu wao tu. Ushahidi wenye uzito ulianza kupatikana karibuni. Nchini Hispania, utafiti ulioitwa CLOROTIC, uliotangazwa mwaka 2022, uliwachukua wagonjwa 230 na kuwagawa kwa kura: wote walipata furosemidi, na nusu yao wakaongezewa haidroklorothiazaidi. Baada ya siku tatu, waliopata dawa mbili walikuwa wamepungua kilo 2.3, na wenzao kilo 1.5. Hata hivyo hawakusema kwamba wanahema vizuri zaidi kuliko wenzao, na karibu nusu yao vipimo vya figo vilizorota, ikilinganishwa na takriban mmoja kati ya sita katika kundi la pili. Idadi ya vifo na ya waliorudi kulazwa haikutofautiana.

Mwaka huo huo Ubelgiji ilitoa utafiti wa ADVOR, wa wagonjwa 519 katika hospitali 27. Wao waliongeza asetazolamidi, dawa ya zamani inayofunga mlango wa kwanza. Katika siku tatu, wagonjwa 42 kati ya kila 100 waliisha uvimbe, dhidi ya 30 au 31 waliopewa dawa moja. Hapa pia vifo havikupungua.

Ipo tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Wagonjwa wa Ubelgiji walikuwa na wastani wa miaka 78, na wale wa Hispania wengi walikuwa wamevuka miaka 80. Mlinzi mwenye miaka 50 anayesimama nje ya jengo mjini Doha hakuwamo ndani ya tafiti hizo, wala mama mwenye miaka 45 anayelazwa Muhimbili. Madaktari wanaowatibu hawana budi kukadiria kutoka kwa wazee wa Ulaya, na makadirio hayo yanadai macho makali zaidi, si machache.

Uingereza nayo ilitoa mwaka 2023 utafiti mdogo wa wagonjwa 61 ambao furosemidi ilikuwa imewashinda. Nusu walipewa metolazoni, mwenye nguvu katika jamii ya dawa za mlango wa tatu, na nusu dapagliflozini, dawa iliyoanzia kwenye kisukari na ambayo sasa ni nguzo ya matibabu ya moyo kushindwa. Dapagliflozini haikuishinda metolazoni katika kuondoa maji, lakini metolazoni ndiyo iliyovuruga zaidi chumvi za damu.

Spironolaktoni, inayofanya kazi kwenye mlango wa mwisho, ina habari yake. Utafiti wa RALES wa mwaka 1999, wenye wagonjwa 1,663, ulionyesha kwamba dozi ndogo ya dawa hiyo hupunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wenye moyo dhaifu sana. Lakini ilipojaribiwa kwa dozi kubwa ili kutoa maji haraka wodini, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 hayakuonyesha faida. Kwa hiyo mgonjwa anayeikuta kwenye mfuko wake wa dawa asiidharau kwa kuwa haimpeleki msalani mara nyingi. Kazi yake kubwa ni kuulinda moyo kwa miaka.

Hatari huja baada ya ushindi

Lita nne za mkojo haziondoki peke yake. Huondoka na potasiamu, madini ambayo kiwango chake katika damu kinatakiwa kuwa kati ya 3.5 na 5. Potasiamu ikishuka sana, misuli hulegea na mapigo ya moyo huweza kwenda ovyo hata kuua; anayetumia pia digoksini yumo hatarini zaidi. Sodiamu ikishuka, mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia, na kwa mzee familia hudhani ni uzee tu. Damu ikipungua maji kupita kiasi, figo zile zile zilizokuwa zikiokolewa huanza kuumia. Ndiyo sababu dawa mbili zikitumiwa pamoja wodini, damu hupimwa kila siku.

Tatizo ni kwamba wodi ina mwisho. Chukua mfano wa dereva wa umri wa miaka 50 anayeruhusiwa kutoka hospitali na kurudi kwenye chumba anachokaa na wenzake watatu. Ndani ya mfuko ana furosemidi, ana metolazoni ya kumeza mara mbili kwa juma, na ana karatasi ya kurudi kliniki. Chumbani hamna mizani. Nje joto limepita nyuzi 40. Sheria ya Qatar ya mwaka 2021 inakataza kazi za jua kali kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, lakini jasho halisubiri saa hizo. Anayetoka jasho jingi huku amemeza dawa mbili za maji hupoteza chumvi kwa njia mbili. Siku ya tatu huona kizunguzungu akisimama, naye hujiambia kwamba ni ugonjwa wa moyo unarudi, akaongeza kidonge. Ingefaa afanye kinyume chake: apige simu kliniki kabla ya kumeza kingine. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeharisha au kutapika.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali jingine. Madaktari wa Doha walipitia kumbukumbu za miaka kumi, kati ya 1991 na 2001, na kukuta kwamba Waqatari waliolazwa kwa moyo kushindwa walikuwa 208 katika miezi ya Ramadhani, 182 katika miezi iliyoitangulia na 198 katika iliyofuata, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Habari hiyo ni ya faraja kwa mgonjwa aliyetulia na anayetumia dozi ndogo. Haimhusu aliyetoka wodini juma lililopita akiwa na dawa mbili. Huyo wataalamu humhesabu katika kundi la hatari kubwa na humshauri asifunge, na dini yenyewe imemfungulia mlango mgonjwa. Hata kwa anayefunga, futari ina mitego yake: supu za vidonge vya viungo na achari zina chumvi nyingi inayoita maji upya, na tende zina potasiamu nyingi, jambo jema kwa anayetumia furosemidi lakini la kuangaliwa kwa anayetumia spironolaktoni. "Chumvi ya wagonjwa" inayouzwa katika maduka makubwa mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mtumiaji wa spironolaktoni yaweza kuwa sumu.

Mfuko wa dawa unaosafiri

Lipo jambo moja ambalo wafanyakazi wa Ghuba hulifanya kwa upendo na ambalo huleta madhara. Mtu aliyeona miguu yake ikinywea kwa siku nne humkumbuka mama yake aliyevimba miguu huko Kilifi au Tanga, akampelekea vidonge kwa msafiri. Lakini miguu huvimba kwa sababu nyingi. Huvimba kwa ugonjwa wa figo au wa ini, huvimba kwa damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, na huvimba hata kwa amlodipini, dawa ya shinikizo la damu inayotumiwa sana Afrika Mashariki. Uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, na vidonge vya maji haviuondoi. Humkausha mama tu, huku miguu ikibaki vile vile. Tiba yake ni daktari kupunguza dozi ya amlodipini au kuibadilisha.

Anayerudi nyumbani kwa likizo au moja kwa moja naye huwa na hatari yake. Huduma ya moyo imekua: Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, na Nairobi na Kampala zina wataalamu wao. Lakini daktari mpya hawezi kuendeleza alichokianza mwenzake wa Doha bila kujua hesabu yake. Kabla ya kuondoka, mgonjwa aombe karatasi yenye mambo manne: uzito wake wa siku aliyoruhusiwa akiwa hana uvimbe, jina na dozi ya kila dawa ya maji pamoja na siku za kuimeza, vipimo vya mwisho vya potasiamu, sodiamu na figo, na tarehe ya kupimwa tena. Uzito huo ndio kipimo cha siku zote zitakazofuata. Ukipanda kwa zaidi ya kilo mbili katika siku tatu, maji yameanza kurudi, na ni wakati wa kumwona daktari hata kama pumzi bado ni nzuri. Ukishuka kwa kiasi hicho hicho huku mgonjwa akiona kizunguzungu, dawa ya pili imefanya kazi kupita kiasi, na hiyo pia ni simu ya siku hiyo hiyo. Mizani ya bafuni inatosha, mradi iwe ile ile kila asubuhi.